Panga Siku, Usipange Wimbi

Miongoni mwa safari ambazo mwanadamu hujitayarishia kwa shauku kubwa na maarifa haba, sijui kama iko inayoipita ile ya kwenda kuteleza juu ya mawimbi katika ufuo wa mchanga ulio wazi mbele ya Bahari ya Atlantiki. Kwani msafiri wa mjini huambiwa saa ya treni na bei ya chumba, na mambo yakawa kama alivyoambiwa, na msafiri wa mlimani huukuta mlima pale pale walipouacha waliomtangulia, lakini huyu wa mawimbi anakwenda kutafuta kitu ambacho siku anapokata tiketi hakijazaliwa, kitakachozaliwa na tufani iliyo mbali, kikaishi siku mbili tatu safarini, kisha kikafia juu ya fungu la mchanga ambalo pengine juma lililopita halikuwapo mahali hapo. Na juu ya yote hayo wako wauzaji wa safari wanaomwahidi mtu huyu wimbi la uhakika. Mimi naona kwamba ahadi hiyo haina msingi, na kwamba mwenye fedha zake na siku zake za likizo atazitumia kwa busara zaidi akipanga siku za kukaa ufuoni kuliko akipanga wimbi atakalolikuta.

Ili maneno yasielee hewani nitachukua mfano mmoja: Hossegor, mji mdogo wa jimbo la Landes, kusini-magharibi ya Ufaransa, ambako mashindano ya kimataifa ya mchezo huu yamefanyika kwa miaka mingi, na ambako jina la ufuo mmoja, La Gravière, hutajwa na vijana wa mabara yote kwa taadhima. Kutoka mlango wa Gironde hadi mlango wa mto Adour, masafa ya zaidi ya kilomita 200, pwani hiyo, ukiacha Ghuba ya Arcachon, imenyooka karibu bila ya kupinda: upande wa bahari ni mchanga mtupu, na upande wa bara ni vilima vya mchanga na msitu wa misonobari, ambao sehemu yake kubwa ilipandwa baada ya sheria ya mwaka 1857, katika enzi ya Napoléon III, iliyokusudia kuikausha nchi ya vinamasi. Mbele ya pwani hiyo hakuna kisiwa cha kuikinga, wala mwamba wa kuyapokea mawimbi kabla hayajafika. Msomaji wa Mombasa, Tanga au Unguja, ambaye tangu utotoni amezoea kuyaona mawimbi yakivunjika mbali juu ya mwamba, na maji ya ndani yakabaki shuwari ya kuvushia dau, sharti aisahau kwanza picha hiyo. Huko Landes bahari kuu hufika mlangoni ikiwa na nguvu zake zote.

Na Hossegor ina jambo lake la pekee. Karibu kabisa na ufuo wa jirani yake Capbreton, kiasi cha mita mia mbili na hamsini tu kutoka nchi kavu, linaanza korongo la chini ya bahari, ambalo Wafaransa huliita Gouf de Capbreton, likielekea magharibi zaidi ya kilomita 200 na kushuka hadi vina ambavyo nanga ya chombo chochote haivifikii. Ili kuifahamu kazi ya korongo hili, inatupasa kujua kwamba wimbi refu la bahari kuu si la juu ya maji tu. Wimbi ambalo baina ya kilele chake na kilele kinachofuata hupita sekunde 16 huanza kuihisi sakafu ya bahari katika kina cha mita 200 hivi, na tangu hapo, kadiri maji yanavyopungua, ndivyo mwendo wake unavyopungua na ndivyo linavyopinda kufuata sura ya sakafu. Likija juu ya korongo halipati kizuizi, bali huendelea na kasi yake. Pande zake mbili, zilizo juu ya maji haba, hubaki nyuma. Basi msitari wa wimbi hupinda na kulikimbia korongo, na nguvu zake zikajikusanya pembeni. Ndiyo maana mbele ya bandari ya Capbreton bahari aghalabu huwa ndogo, na mwendo mfupi kaskazini yake, katika fukwe za Hossegor, siku hiyo hiyo na saa hiyo hiyo, huwa kubwa ya kutisha. Hii ni sababu ya kwanza ya kutomwamini mtu anayekupa namba moja ya urefu wa mawimbi kwa wilaya nzima.

Nisije nikadhaniwa kuwa mpinzani wa elimu, nataka kuipa elimu haki yake. Maarifa ya kuyatabiri mawimbi hayakuanza kwa ajili ya michezo. Katika Vita Vikuu vya Pili, majeshi ya Marekani yalipokuwa yakijiandaa kushuka katika fukwe za Afrika ya Kaskazini, kijana mmoja mwanasayansi mzaliwa wa Vienna, Walter Munk, alitambua kwamba vyombo vya kuteremshia askari havikuweza kustahimili mawimbi ya kimo ambacho fukwe za Atlantiki za Moroko hukipata mara kwa mara wakati wa baridi. Basi yeye pamoja na mwalimu wake Harald Sverdrup, Mnorwe, wakaitengeneza njia ya kukadiria mawimbi kutokana na nguvu ya upepo, muda uliovuma, na upana wa bahari uliovumia, na njia hiyo ikatumika hata katika mashambulizi ya Normandy mwezi wa Juni 1944. Miaka kadhaa baada ya vita, mwaka 1963, Munk na wenzake waliyafuata mawimbi yaliyozaliwa na tufani za bahari ya kusini, wakayapima kisiwa baada ya kisiwa katika Pasifiki nzima hadi Alaska. Kwa hiyo kijana anayefungua simu yake leo akaona mishale na rangi zinazomweleza bahari itakavyokuwa Alhamisi, anakula matunda ya mti uliopandwa kwa ajili ya kuokoa maisha ya askari.

Hesabu zenyewe ni za kupendeza, na kila msafiri wa mawimbi anapaswa kuzijua walau kwa jumla. Kundi la mawimbi yenye sekunde 16 husafiri katika maji makuu kiasi cha kilomita 45 kwa saa; tufani ikivuma umbali wa kilomita 2,000 kutoka pwani ya Ufaransa, upande wa Newfoundland au kusini ya Iceland, mawimbi yake marefu yatawasili karibu siku mbili baadaye, hata kama hapo pwani jua linawaka na bendera hazipepei. Mawimbi ya sekunde 8 hwenda kwa nusu ya kasi hiyo, na hata yakiwa na kimo kile kile baharini hubeba nusu tu ya nguvu. Basi mtu akiambiwa kuwa bahari ina mita mbili, akafurahi au akaogopa bila ya kuuliza sekunde, hajaambiwa kitu. Naam, mpaka hapa mashine husema kweli, na husema kweli kwa siku nne au tano mbele. Zaidi ya hapo ni kubahatisha kulikovishwa joho la elimu.

Lakini mashine huishia pale mchanga unapoanza. Wimbi huvunjika likifika mahali ambapo kina cha maji kinakipita kidogo tu kimo chake. Kwa hiyo anayeamua kama wimbi litafunguka taratibu kutoka upande mmoja hadi wa pili, likampa mtelezaji njia, au litaanguka lote kwa mara moja na kumtupa chini, si tufani iliyolizaa, bali ni umbo la fungu lililo chini yake. Na mafungu ya Landes hayatulii. Dhoruba za Desemba na Januari huuvuta mchanga na kuupeleka nje; bahari ya upole ya miezi ya joto huurudisha ndani kidogo kidogo; na mkondo unaofuata pwani huusukuma kuelekea kusini mwaka mzima. Ufuo ulioimbwa mwaka jana kuwa hauna mfano huweza mwaka huu kuwa uwanja tambarare usiofaa kwa lolote, na hatua mia tano kaskazini yake, mahali pasipo na jina, likazuka fungu la ajabu linalojulikana na wavuvi wa fimbo na walimu wa mchezo wa mji huo peke yao. Atakayetaka ushahidi wa jinsi mchanga wa pwani hiyo usivyoheshimu mipango ya watu, na aikumbuke habari ya jengo la Le Signal, huko Soulac, kaskazini ya pwani hiyo hiyo: lilijengwa mwaka 1967 likiwa mbali na maji kwa kiasi cha mita 200, wakazi wake wakaamriwa kuhama mwaka 2014 kwa kuwa bahari ilikuwa imewafikia, na mwaka 2023 likabomolewa. Bahari iliyoweza kuwatoa watu katika nyumba walizozinunua haitashindwa kulihamisha fungu kabla msafiri hajafungua begi lake.

Fauka ya hayo kuna kupwa na kujaa, jambo ambalo kwa bahati njema halihitaji kubashiriwa, kwani hujulikana miaka mingi mbele. Tofauti ya maji huko wakati wa bamvua huweza kuzidi mita 4, nayo si ngeni kwa watu wa Unguja, ambao bamvua yao hukaribia kimo hicho. Na Wafaransa, kwa kupenda kwao kupima kila kitu, wameipa kila siku namba yake, kutoka 20 kwa maji mafu kabisa hadi 120 kwa bamvua kubwa kabisa, nayo huchapwa katika vijitabu vinavyouzwa madukani. Fungu lililo zuri maji yakiwa nusu huweza kuwa limezama mno saa tatu baadaye, au kuwa nchi kavu. Siku za bamvua kila kitu hubadilika kwa haraka, na saa njema huwa fupi. Siku za maji mafu fungu moja huweza kudumu likifanya kazi asubuhi nzima. Ajabu ni kwamba watu wengi huchagua tarehe za safari kwa kutazama bei ya ndege, wasiutazame mwezi hata mara moja, ilhali babu zetu hawakuwahi kutia ngalawa baharini bila ya kuujua.

Upepo nao una saa zake. Pwani hiyo hutazama magharibi, basi upepo unaofaa ni ule utokao mashariki, unaopita juu ya msitu na kuyakabili mawimbi usoni, ukayasimamisha na kuyalainisha. Na huo hupatikana zaidi alfajiri na asubuhi mapema, wakati bara imepoa kuliko bahari. Jua likipanda, hasa miezi ya joto, upepo hugeuka ukatoka baharini, na ikifika adhuhuri maji yaliyokuwa safi huwa yamechafuka. Mwenye kulala hadi saa nne asilaumu ufuo.

Sasa ukiyakusanya mambo haya, tufani, korongo, fungu, maji na upepo, utaona kwamba saa njema ni makutano ya mambo matano, na katika hayo ni mawili tu, maji na mwezi wake na ujio wa tufani, unayoweza kuyajua ukiwa nyumbani. Haya mengine yanataka macho. Kwa hiyo mtu anayengoja simu yake ionyeshe rangi nyekundu, ndipo akanunua tiketi ya ghali ya siku tatu na kukimbilia La Gravière kwa sababu ndilo jina analolijua, amenunua sehemu ndogo ya jambo na kuiacha kubwa. Atafika siku bahari ilipo kubwa kupita uwezo wake, amekuta umati wa mahiri waliokaa hapo tangu mwezi uliopita, hajui fungu liko wapi, hajui maji gani yanafaa. Atasimama juu ya kilima cha mchanga akipiga picha. Aliye na juma moja na nusu, aliyefika bahari ikiwa ndogo, akatumia siku mbili za kwanza kutembea ufuoni wakati maji yamekupwa ili ayaone mafungu kwa macho yake, akazungumza na wenyeji kwa adabu, huyo tufani ikija itamkuta amekwisha kuwa mwanafunzi wa mahali.

Majira ya safari hayana ugomvi mkubwa: Septemba na Oktoba, wakati bahari ya Atlantiki ya kaskazini imeanza kuamka, maji hayajapoa sana, yakiwa baina ya digrii 17 na 21 hivi, vazi la mpira la milimita 3 linatosha, na vyumba vimeshuka bei kwa kuwa familia zimerudi shuleni. Katika Februari maji hushuka hadi karibu digrii 12, na bahari aghalabu huwa ya fujo tupu. Mwenye kwenda wakati huo awe na sababu yake. Maskani nayo isiwe juu ya ufuo maarufu. Mimi ningechagua mahali pa kati, penye njia ya kwenda kaskazini na kusini, kwa sababu fadhila ya Hossegor, ambayo wachache huitaja, ni wingi wa milango yake: bahari ikiwa ndogo, fukwe za Seignosse, kama Les Estagnots na Le Penon, huipokea yote; ikiwa kubwa mno, Plage Sud na fukwe za Capbreton hupata kivuli cha korongo; na ikichafuka kabisa liko ziwa la maji ya chumvi, lililokaa katika mkondo wa kale wa mto Adour, mto ambao mwaka 1578 mhandisi Louis de Foix aliuhamisha mlango wake ukapelekwa karibu na Bayonne. Ziwa hilo hujaa na kupwa pamoja na bahari, bila ya mawimbi, na mtu aliyekuja na watoto atalishukuru kuliko ufuo wowote.

Kuhusu watoto, na hata watu wazima, hapa sharti niseme jambo ambalo si la mchezo. Waswahili wanaoishi Ulaya wamekuwa wengi, na familia hufuatana na kijana wao mwenye ubao, zikakaa mchangani na kuingia majini kujipoza. Katika pwani hiyo maji kupwa huacha vidimbwi virefu baina ya ufuo na fungu, ambavyo wenyeji huviita baïne, na kwa macho ya mgeni hapo ndipo mahali pa salama kuliko pote, kwa kuwa maji yametulia. Maji yanapoanza kujaa, mawimbi hulipita fungu na kukimwagia kidimbwi maji kuliko kinavyoweza kuyashika, nayo hutafuta mlango wa kutokea, yakatoka kwa mkondo wenye kasi inayoweza kuzidi mita moja kwa sekunde, ambayo muogeleaji wa kawaida haishindi. Walio hatarini zaidi hapo ni waogaji wasio na ubao, na aghalabu siku za joto zenye bahari ya kupendeza. Shauri la waokoaji ni moja: aliyechukuliwa asipigane na mkondo, bali ajiache aelee nao, ainue mkono, angoje nguvu yake iishe nje ya mawimbi, ndipo arudi kwa ubavu. Waokoaji hao hukaa baina ya bendera zao miezi ya joto, na Oktoba, mwezi ule ule ninaousifu, fukwe nyingi hazina mtu wa kulinda. Hivyo namba 112, na 196 kwa ajali za baharini, ziandikwe katika simu kabla ya bei ya chumba. Nashangaa kuona mipango ya safari iliyoandikwa kwa makini hata jina la mkahawa, na ndani yake hakuna msitari mmoja juu ya mkondo.

Najua nitajibiwa kwamba juma moja na nusu ni anasa, kwamba wafanyakazi wengi hawana likizo ya kuchezea, na kwamba tiketi ya ghafula ya siku tatu, kwa ughali wake wote, huenda ikawa nafuu kuliko vyumba vya siku kumi. Hoja hii ina insafu ndani yake. Lakini yafaa kuhesabu vilivyo: aliyekuja mara tatu kwa haraka katika mwaka, akalipa mara tatu nauli, mara tatu mzigo wa ubao unaotozwa na mashirika ya ndege kwa ukali, na mara tatu gari la kukodi, mara nyingi ametoa zaidi ya yule aliyekuja mara moja akakaa, akakodi ubao pale pale, na akabadilishana na mwenye duka ubao mwingine bahari ilipobadilika. Isitoshe, mtu mwenye pasi ya nchi zetu, anayehitaji viza, na ambaye miadi ya ubalozi haiingoji tufani, hana njia ya kuikimbiza bahari kwa siku tatu hata akitaka. Mpango wa kukaa ndio pekee uliomfungukia, nao kwa bahati ndio ulio bora.

Kwa yule ambaye kweli hana zaidi ya siku tatu, na moyo wake haumwachii, nitampa shauri litakalowaudhi wapenzi wa Hossegor: asiende Hossegor. Asogee kusini kiasi cha saa moja kwa gari, apite Biarritz, afike Guéthary, kijiji cha Wabaski ambako sakafu ya bahari ni ya mwamba. Huko fungu halihami. Wimbi la Parlementia huvunjika mahali lilipovunjika mwaka jana, na utabiri wa simu, ukisha kuijua tufani, umebakiwa na machache ya kukosea. Wimbi lenyewe ni zito, huvunjika mbali na nchi, na linataka pumzi ya kupiga makasia ya mikono kwa muda mrefu, basi asiyekuwa nayo abaki juu ya kilima penye mabenchi, atazame, na kesho yake maji yakipungua ashuke ufuo wa Côte des Basques, huko Biarritz, ambako katika miaka ya 1950 mwandishi wa filamu Peter Viertel alikuja na ubao kutoka California, na ambako hadi leo wanaoanza hupata wimbi la upole. Ila atazame saa ya kujaa kabla hajatandika taulo, kwa maana maji yakijaa ufuo ule hutoweka wote chini ya ukuta.